Mathe Ametoka Operesheni ya Kansa ya Titi, Sasa Atavaa Bra Gani? Rada Yote Iko Hapa

Mwezi wa kumi ukifika, Nairobi hugeuka pinki. Watu wanavaa riboni, makampuni yanapiga picha, kuna matembezi na tishati za bure, na kila ukifungua simu unakumbushwa kujipima. Poa sana. Lakini kuna kitu hakuna mtu huongelea. Mama akishatolewa titi, akirudi kwa nyumba, kuna droo kwa kabati imejaa bra zake za miaka kumi, na hakuna hata moja anaweza kuvaa.

Najua juu niliiona kwa mathe. Alifanyiwa operesheni ya titi la kushoto nikiwa campus mwaka wa pili. Fee ikaenda hospitali, mimi nikarudi keja, na hiyo stori tutapiga siku ingine. Chenye nataka usikie ni hii: kansa haikumfungia mathe kwa nyumba. Kemo pia haikumfungia. Kilichomfungia ni bra. Miezi mitatu hakukanyaga kanisa. Pesa ya chama alikuwa anatuma kwa M-Pesa, anasema ako na homa. Siku moja sista yangu akamkalia chini, akasema ukweli: alikuwa amejaza soksi kwa kile kikombe kitupu, akapanda matatu, na kwa zile bumps za mtaani soksi ikapanda mpaka ikachungulia kwa shingo ya blauzi. Makanga akaiona. Hakusema kitu, lakini aliiona.

Ndio maana nimeandika hii. Kansa ya matiti ndio inapata wanawake wengi kuliko kansa zingine zote hapa Kenya, wagonjwa wapya zaidi ya 6,000 kila mwaka, so hata kama uko na miaka 21 na unaona hii stori si yako, kuna auntie, kuna jirani, kuna mwalimu wako wa primo. Na mara nyingi mwenye atatumwa sokoni ni wewe. Mimi ni boy, na nimezunguka Gikomba nikitafuta bra ya mathe, kwa hivyo usiniambie unaona haya.

Kitu moja kabla tuendelee: mimi si daktari. Kama mwenye alimpasua amesema kitu tofauti na chenye nimeandika hapa, sikiza yeye.

Kwanza jua alifanyiwa nini

Watu husema tu "alitolewa titi" na kumbe operesheni si moja. Kuna wale walitolewa titi lote upande mmoja, kama mathe. Kuna wale walitolewa yote mawili. Kuna wale walitolewa uvimbe pekee na nyama kidogo ya kando, so titi bado liko lakini limebaki na shimo ama limekuwa dogo kuliko lenzake. Na kuna wale walitengenezewa titi lingine, kwa kuwekewa mfuko wa silikoni ndani ama nyama yao wenyewe kutoka tumboni au mgongoni.

Hii ni muhimu juu kila mmoja ana bra yake. Mwenye alitolewa uvimbe pekee anaweza hitaji tu sponji nyembamba upande mmoja ili blauzi ikae sawa. Mwenye alitolewa lote anahitaji bra yenye inaweza kushika titi la bandia bila kuliangusha. Mwenye alitengenezewa lingine, huyo usimnunulie kitu kabla daktari aseme, juu mara nyingi huwa wanapewa bra ya kubana kidogo ya kuvaliwa mchana na usiku kwa wiki kadhaa, na bra ya dukani inaweza haribu kazi ya watu.

Halafu kuna kwapa. Wengi hutolewa pia tezi za kwapani ili zipimwe, na hiyo ndio inafanya mkono wa hiyo side ukae mgumu, uume, usiinuke. Watu hawafikirii kwapa wakinunua bra, na mathe anasema kwapa ndio ilimsumbua kuliko kifua.

Wiki za kwanza

Akitoka theatre mara nyingi anakuwa na mrija mmoja ama miwili inatoa maji kwa kidonda, na kichupa chake kinaning'inia. Inaweza kaa wiki moja, inaweza kaa mbili. Hapo hakuna mambo ya bra ya maana. Hapo shida ni kuvaa nguo tu.

Na hapa wengi wetu tunakosea kwa mapenzi. Mgonjwa akitoka hospitali, kila mtu anamletea dera. Dera ni nguo poa, inapitisha hewa, lakini jiulize inavaliwaje: unainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Mtu ametolewa tezi za kwapani jana! Mathe alikuwa na madera manne mapya na hakuna hata moja aliweza kuvaa peke yake. Leso nayo ukiifunga kifuani inakaza palepale kwenye kidonda. Chenye kilimsaidia ni mashati ya buda, yale makubwa ya vifungo mbele. Kichupa cha mrija sista yangu alikishonea kamfuko ka kitambaa, kanafungwa na kamba kiunoni, kisivute ngozi.

Mrija ukitoka na daktari akikubali, ndio unaanza kufikiria bra. Ya kwanza inafaa kufunguka mbele, kwa zipu ama vishikizo. Si ya kuvalia kichwani, si ya kufungia mgongoni. Pamba laini. Bila waya. Na ikae huru kidogo, juu kifua bado kimevimba na kitabadilika. Ndani yake unaweza weka titi jepesi la kitambaa na pamba, ama la uzi, hilo halina uzito wa kuumiza mshono.

Waya ndio nataka usisitize. Ule waya wa chini ya kikombe unakaa palepale mshono unapita, na kidonda kipya hakisikii kwa sababu mishipa ya hapo imekatwa. Yaani waya unaweza mchuna na asijue. Wengi huambiwa wakae bila waya wiki sita hadi nane, na wengine hawarudi kwa waya tena maisha yao yote, na hawajakosa kitu.

Akianza mionzi

Hii nitaipitia haraka. Mionzi huunguza ngozi polepole. Kwa ngozi yetu nyeusi usitarajie wekundu wa kwa picha za intaneti; ngozi inakuwa nyeusi zaidi, inakauka, inawasha, inaweza toka maganda hasa chini ya titi na kwapani. Hiyo miezi bra ni ya pamba, huru, bila waya, bila lesi ya kukwaruza. Kama anaweza kukaa kwa nyumba na fulana ya pamba bila bra kabisa, akae. Na zile alama amechorwa kifuani msizisugue mkidhani ni uchafu, hizo ndio zinaonyesha mashine ipige wapi.

Bra yenyewe inafaa kukaa aje

Kitu mimi sikuwa najua: mabega si ndio yanabeba. Kazi kubwa inafanywa na ule mkanda wa chini unaozunguka kifua. Mikanda ya begani ni ya kusaidia tu. So kama mathe wako anaona mikanda ya begani imemchimba, usikimbilie kulegeza mikanda, angalia mkanda wa chini. Pengine umelegea na mabega ndio yanafanya kazi ya wengine.

Mkanda wa chini unatakiwa uwe mpana, ukae mlalo, usipande mgongoni. Vidole viwili vipite chini yake bila kung'ang'ana. Ukinunua mpya, ikae sawa kwenye vishikizo vya mwisho, vile vya nje kabisa, juu lastiki italegea na utahitaji nafasi ya kukaza baadaye. Watu wengi wananunua yenye inatosha ikiwa imekazwa mpaka ndani, baada ya miezi mitatu ni kitambaa tu.

Kikombe kifunike kila kitu, mpaka karibu na kwapa, na kipande cha katikati kilale kwa mfupa wa kifua. Zile bra za kukatwa chini za kuonyesha kifua, hapana. Titi la bandia litachungulia. Mikanda ya begani iwe mipana. Hii si mtindo. Mtu aliyetolewa tezi yuko kwa hatari ya mkono kuvimba, madaktari huita limfidema, na kitu chembamba kinachokata bega ama kwapa hakimsaidii. Akitoa bra jioni aangalie ngozi: kama kuna mifereji mirefu imebaki, hiyo bra si yake.

Jaribu ya mwisho ni hii, na afanye akiwa amevaa na kila kitu kiko ndani. Ainue mikono kama mtu anashika chuma ya matatu. Ainame kama anafunga kamba za viatu. Akae, asimame. Kama mkanda umepanda ama titi limehama, irudishe. Ajitazame pia akiwa na tishati ya kubana, si dera, juu dera huficha makosa yote.

Kupima saizi

Saizi ya zamani isahau. Kuvimba, kemo, dawa, uzito kupanda ama kushuka, vyote vinabadilisha mwili. Kwetu sista yangu ndio alipima, mimi nilikuwa nje ya mlango nikiandika namba, na hiyo ilikuwa sawa kwa kila mtu.

Chukua tepu ya fundi, ile ya inchi. Zungusha chini ya matiti, kama hakuna basi chini ya mshono, tepu ikae mlalo, asivute pumzi. Tuseme ni inchi 34. Hiyo ni namba ya bra. Herufi sasa. Kawaida unazungusha tepu kwenye kilele cha matiti, lakini akiwa na moja pekee hiyo hesabu inadanganya. Fanya hivi: anza katikati ya mfupa wa kifua, pita juu ya titi lililobaki, malizia katikati ya uti wa mgongo. Zidisha mara mbili. Kama nusu ni 18 na nusu, ukizidisha ni 37. Toa 34, unabaki na 3. Inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Kwa hivyo yeye ni 34C. Mwenye alitolewa yote mawili anapima namba ya chini pekee, herufi anachagua mwenyewe. Auntie mmoja rafiki ya mathe alichagua ndogo kuliko yenye alizaliwa nayo, akasema hata mgongo umemshukuru.

Ukikosa saizi yake, kuna ujanja. Ukipanda namba moja juu, shuka herufi moja: 34C na 36B vikombe vyake vinabeba kiasi kilekile. Tofauti ni mkanda wa chini pekee. Na kama mkanda unabana kidogo na vikombe viko sawa, kuna kale ka kipande ka vishikizo vya kuongezea mgongoni, wanauza kwa maduka ya vifaa vya ushonaji, bei ya chai na mandazi.

Gikomba, na namba za kuchanganya

Sasa tuongee ukweli wa pesa. Bra zilizotengenezewa hii kazi, zikiwa na mifuko ndani, ziko kwa maduka machache ya vifaa vya hospitali Nairobi, na bei yake si ya mtu ametoka kulipa kemo. Kwa hivyo tulienda mtumba.

Nilifika Gikomba asubuhi kukiwa bado kunafunguliwa bale. Nikasimama kwa meza ya bra. Mama muuzaji akaniangalia, akacheka, "Kijana, dem wako anavaa namba ngapi?" Wamama wa kando wakaangua. Nikasema ni ya mathe, ametolewa titi, nataka ya bila waya, pana, ya kufunika. Kicheko kikaisha. Akainama chini ya meza, akatoa gunia lingine, akaanza kunichagulia moja moja, anakunja kikombe kuskia kama kuna waya, anavuta lastiki. Akanipa nne. "Peleka ajaribu. Zenye zitakataa rudisha, nitakubadilishia." Nililipa soo nne kwa zote. Mbili zilikataa, na kweli alibadilisha.

Kitu yenye inachanganya watu mtumba ni lebo. Bra zinatoka nchi tofauti na kila nchi iko na namba zake. Ya Uingereza ama Marekani itaandikwa 34. Ya Ujerumani na sehemu kubwa ya Ulaya, hiyo 34 itaandikwa 75. Halafu Ufaransa, Ubelgiji na Uhispania wana zao, hiyo hiyo 34 wanaandika 90. Noma ni kwamba 90 ya Ujerumani ni 40 ya Uingereza. Yaani unaweza shika bra mbili zimeandikwa 90 na moja inamtosha mathe, ingine inatosha mathe na wewe ndani. Ukiona 90 usiamini, toa tepu upime mkanda. Lebo nyingi huwa na nchi zote zimeandikwa kando kando, EU, FR, UK. Soma hiyo ya UK.

Lastiki ya mtumba pia ijaribu: vuta, achilia. Ikirudi polepole kama imechoka, achana nayo. Nyumbani loweka kwa maji moto na sabuni, anika juani, na kama kidonda hakijafunga kabisa asiivae bado.

Vitu viwili vinasaidia na si za wagonjwa wa kansa. Moja ni bra za kunyonyesha, za maduka ya vitu vya watoto kama pale Biashara Street: nyingi ni pamba, hazina waya, mikanda ni mipana, na zingine ziko na kanafasi ndani ka kuweka kile kitambaa cha kufyonza maziwa. Hapo titi la uzi linaingia. Lakini muulize kwanza, juu kuna mwenye akiona bra ya kunyonyesha kwa hiyo hali atalia, na ako na haki. Ya pili ni bra za mazoezi za zipu mbele. Eastleigh ziko kibao. Chagua zile sponji zake zinatoka: ile tundu ya kutolea sponji tayari ni mfuko.

Fundi wa mtaa ndio daktari wa bra

Hapa ndio nilipoona mwanga. Ile bra ya bei ghali tofauti yake kubwa ni mfuko wa kitambaa nyuma ya kikombe. Ni hiyo tu. Mfuko fundi yeyote anaweza shona.

Peleka bra yenye imemkaa vizuri, na tishati nzee ya pamba safi. Fundi akate kipande cha shepu ya kikombe, kikubwa kidogo, ashone kuzunguka kwa ndani na aache mlango upande wa kwapa. Mlango usiwe juu, titi litaruka nje akiinama. Mshono uangalie kikombe, usiangalie ngozi. Na kitambaa kiwe cha kuvutika ndio titi la bandia lisikunjane. Wetu alifanya tukimsubiri, alikuwa anashona yunifomu za shule, akasimamisha cherehani, akauliza maswali mawili, akamaliza. Bra ya pili hakutaka kulipwa kazi, uzi tu.

Titi la bandia: kutoka soksi mpaka silikoni

Kuna stori moja nataka uijue. Ule mdoli Barbie, mwenye alimleta duniani ni Ruth Handler wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa Mattel. Mwaka wa 1970 akapatikana na kansa, akatolewa titi la kushoto. Akaenda madukani kutafuta la bandia, akapata vitu vya ajabu, vidonge vizito visivyo na shepu, kushoto na kulia kitu kimoja. Akasema hata viatu viko vya kushoto na kulia. Akaanzisha kampuni yake na kutengeneza matiti ya bandia yanaitwa Nearly Me, yakiwa na saizi kama bra na kila upande wake. Betty Ford, mke wa rais wa Marekani wakati huo, ambaye alitolewa titi mwaka wa 1974, alikuwa mmoja wa wateja wake. Kwa hivyo mathe wako akikwambia anaona aibu, mwambie mwenye Barbie pia alipitia hapo, na alikuwa anafungua blauzi mbele ya waandishi wa habari wabahatishe ni gani si lake.

Silikoni ndio inakaribia la kweli kwa uzito, na uzito si urembo. Mtu akiwa na titi kubwa moja na upande mwingine ni tupu, mwili unaegemea, bega moja linapanda, shingo na mgongo vinauma. Hiyo ndio sababu mathe alikuwa anaamka ameshika shingo na sisi tukilaumu mto. Silikoni huvaliwa kidonda kikishapona vizuri, kawaida baada ya wiki sita hadi nane, na kama kuna mionzi, ngozi ipone kwanza. Bei yake inaweza pita ngiri ishirini. Ukiitunza inakaa miaka miwili hadi mitano. Inaoshwa na sabuni laini na maji kila siku imevaliwa, na adui yake ni kitu cha ncha: pini za leso, broochi, kucha ya paka. Ikitoboka imeenda.

Kwa joto la Mombasa ama Kisumu silikoni inatoa jasho, so wengi hata wenye wako nayo wanavaa la uzi kwa nyumba. Ya uzi ni stori nzuri. Kuna kikundi cha kujitolea Marekani kinaitwa Knitted Knockers, kilianza 2011, kinafuma matiti ya uzi wa pamba na kuyapeana bure, na mchoro wa kufuma wameuweka kwa intaneti mtu yeyote afuate. Huku kwetu pia wako wanawake waliopitia kansa wanaofuma, Thika kuna fundi wa nguo ambaye amejulikana kwa hiyo kazi mpaka vyombo vya habari vya nje vikamfuata. Kama shosh wako anajua kufuma vitambaa vya makochi, anajua kufuma titi. Ni jepesi, linaoshwa, linakauka. Kwa vile ni jepesi litapanda juu kwa bra, so lishikilie kwa uzi mbili tatu ndani ya ule mfuko wa fundi.

Sisi kabla ya hapo tulijaribu mchele. Ndio, mchele kwa soksi, tukapima kwa mzani wa duka, uzito ukakaa sawa kabisa. Jumapili ya kwanza mathe akaimba, akatoa jasho, mchele ukalowa. Jumatano keja ilikuwa inanuka pombe ya kienyeji. Usijaribu.

Kama uko na watu majuu, jua hivi: Uingereza hospitali za serikali hupeana titi la bandia bure kwa mgonjwa, na Marekani kuna sheria ya 1998 inayolazimisha bima zenye zinalipia hiyo operesheni zilipie na titi la bandia pia. Kuna wamama huko wanapewa mpya na wako na ya zamani nzima. Auntie akiuliza kwa WhatsApp akuletee nini, usiseme viatu. Hapa Nairobi, Faraja Cancer Support Trust huwa wanakaa na wagonjwa na familia na kuwaelekeza, na vikundi vya waliopona vilivyo kwa mtandao wa KENCO ndio mahali utasikia nani anauza wapi na nani anapeana bure. Muulize pia nesi wa kliniki ya kansa. Nesi wanajua vitu hawaandiki kwa ubao.

Na kama hataki?

Kuna wengine hawataki titi la bandia, hawataki kutengenezewa, wanataka kifua kikae vile kilivyo. Hiyo si kukata tamaa. Mwenye alitolewa yote mawili anaweza vaa fulana laini na maisha yaendelee. Usimsukume juu wewe ndio hujazoea kumwona hivyo. Mwenye amebaki na moja na hataki la bandia, bado lile lililobaki linahitaji kushikwa. Hapo fundi anaweza punguza kikombe kitupu, akikunje na akishone kilale kifuani.

Vitu vya kumrudisha hospitali mara moja, usingoje kliniki: kidonda kimekuwa moto, kinatoa usaha ama kinanuka, homa, mkono wa ile side umevimba ama umekuwa mzito, maji yamejaa chini ya mshono, ama uvimbe mpya popote kwa mstari wa mshono au kwapani. Bra ikianza ghafla kubana upande mmoja na hajaongeza uzito, usinunue kubwa. Mpeleke aonekane kwanza. Na maboyz, hii kansa hupata wanaume pia, ni wachache lakini wako, so uvimbe nyuma ya chuchu si wa kunyamazia.

Mathe saa hii ako na bra tatu. Ya kanisa iko na silikoni, tuliinunua kwa mchango wa chama baada ya sista yangu kuwaambia ukweli na wao kuuliza mbona mlitudanganya na homa. Ya nyumbani ni ile ya kunyonyesha na titi la uzi. Ya tatu iko kwa fundi tangu Jumanne, alisema anabadilisha lastiki, na kesho nimetumwa kuichukua.